Red Hat 9 kwa BitTorrent, 2003: kasi ilitoka kwa waliokwisha kumaliza

Tarehe 31 Machi 2003 kampuni ya Red Hat ilitoa toleo la 9 la Linux yake, mfumo endeshi wa kompyuta, kwa wateja waliolipia huduma ya Red Hat Network. Umma uliambiwa usubiri hadi Aprili 7, siku ambayo mafaili yangewekwa kwenye seva za wazi za FTP, njia ya zamani ya kupakua faili moja kwa moja kutoka kwenye seva. Hakukuwa na kusubiri. Mara tu wateja wa kwanza walipopata diski tatu za usakinishaji, zote pamoja gigabaiti 1.77, zilikuwa tayari zinazunguka kwa BitTorrent, itifaki ya wapakuaji kugawiana faili wao kwa wao ambayo Bram Cohen alikuwa ameitoa chini ya miaka miwili kabla.

Kisa hiki kina thamani kwa sababu kilipimwa. Kumbukumbu za traka, yaani seva ndogo inayotunza orodha ya walio kundini, zilichambuliwa kwa kipindi cha miezi mitano, Aprili hadi Agosti 2003, na watafiti wa Institut Eurecom huko Sophia Antipolis, kusini mwa Ufaransa. Walihesabu kompyuta 180,000 hivi zilizojiunga. Kati ya hizo, 51,000 zilikuja katika siku tano za kwanza. Kasi ya wastani ya kupakua ilibaki juu ya kilobiti 500 kwa sekunde, na wakati wa msongamano mkubwa kundi zima lilikuwa likisukuma zaidi ya megabiti 800 kwa sekunde.

Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba BitTorrent ina kasi kwa sababu wapakuaji hubadilishana vipande. Ni kweli, lakini kwa kisa hiki ni theluthi moja tu ya ukweli. Theluthi mbili zilitoka kwa watu waliokuwa wamekwisha kupata faili lao lote na hawakuwa na sababu yoyote ya kiufundi ya kubaki.

Seva moja isingefua dafu

Tuanze na hesabu ya njia ya zamani. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gigabaiti 1.77 ni gigabiti 14.16. Seva yenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, ambayo mwaka 2003 ilikuwa laini nzito, hutoa nakala moja kila sekunde 142 ikiwa imejaa bila pengo. Hiyo ni nakala 610 kwa siku. Siku tano za kwanza zilileta watu 51,000. Wengi hawakumaliza: kuna aliyefungua programu, akaona saa zinazohitajika, akafunga. Lakini hata tukichukua robo yao tu, nakala 12,750, seva hiyo ingehitaji takriban siku 21 za kufanya kazi usiku na mchana.

Ukweli wa FTP ulikuwa mbaya kuliko hesabu hiyo. Seva huweka ukomo wa idadi ya watu wanaoingia kwa wakati mmoja. Anayekataliwa hujaribu tena baada ya dakika, na majaribio hayo yenyewe hula uwezo wa seva. Aliyekatikiwa akiwa asilimia 90 huanza upya kama programu yake haijui kuendelea palipokatika. Na baiti moja ikiharibika njiani, hugundui mpaka umalize diski nzima na kulinganisha alama yake ya uhakiki ya MD5, halafu unapakua tena megabaiti 600 hivi.

Kwa seva, muda wa kugawa faili huongezeka sawasawa na idadi ya watu: wakiwa mara kumi, muda ni mara kumi. Kwa kundi la wenza, yaani kompyuta zinazogawiana faili moja, kila anayeingia huja na laini yake ya kupakia. Muda wa chini kabisa unaowezekana ni ule mrefu zaidi kati ya mitatu: muda wa chanzo (kompyuta ya kwanza yenye faili lote) kutoa nakala moja kamili, muda wa mpakuaji mwenye laini dhaifu kuipokea, na jumla ya baiti zote zinazotakiwa ikigawanywa kwa uwezo wa kupakia wa chanzo na wenza wote pamoja. Huu wa tatu ndio wenye uzito hapa, maana watu wakiongezeka, vyote viwili, mzigo na uwezo wa kuubeba, huongezeka pamoja.

Saa za mwanzo

Faili hukatwa vipande. Kwa kipande cha kilobaiti 256, kipimo kilichokuwa cha kawaida wakati huo, gigabaiti 1.77 hutoa vipande karibu 7,000. Kila kipande kina alama yake ya uhakiki ya SHA-1, baiti 20, na alama hizo zote huandikwa ndani ya faili la torenti, faili dogo ambalo mpakuaji huanza nalo. Kwa hiyo torenti ya Red Hat 9 kwa vipande vya ukubwa huo ingekuwa na uzito wa kilobaiti 140 hivi. Kipande kikifika kimeharibika, hutupwa na kuombwa upya. Hasara ni kilobaiti 256, si diski nzima.

Ukubwa wa kipande si jambo la kupuuza. Mwenza haruhusiwi kugawa kipande kabla hajakihakiki chote. Kwa mwendo wa kilobaiti 16 kwa sekunde, kipande cha kilobaiti 256 huchukua sekunde 16, na cha megabaiti 4 huchukua dakika nne na ushee, muda ambao laini yake ya kupakia imekaa bure. Ukivifanya vidogo mno, torenti inavimba na wenza wanatumia muda mwingi kutangaziana nani ana nini.

Ndani yake kipande huombwa kwa sehemu za kilobaiti 16, na programu ya Cohen iliweka maombi matano njiani kwa wakati mmoja. Bila hivyo, kila sehemu ingesubiri safari ya kwenda na kurudi, na kwa mtu aliye mbali laini ingekuwa inapumzika zaidi kuliko inavyofanya kazi.

Hatari kubwa ya saa za mwanzo iko kwenye chanzo. Mpaka chanzo kitoe kila kipande angalau mara moja, hakuna duniani anayeweza kumaliza. Chanzo cha megabiti 10 kwa sekunde hutoa nakala ya kwanza kwa dakika 24 hivi. Cha megabiti 1 huchukua karibu saa nne, na hapo tunadhani hakirudii kipande hata kimoja. Kwa kawaida hurudia. Chanzo cha kawaida hulazimika kupakia asilimia 150 hadi 200 ya faili kabla ya kumpata wa kwanza aliyekamilika. Baadaye John Hoffman, mwandishi wa BitTornado, programu nyingine ya BitTorrent, alileta mbinu ambapo chanzo hujifanya hakina kitu, kisha humwonyesha kila mwenza kipande kimoja tu na hakimpi kingine mpaka kipande kile kionekane kwa mwenza mwingine. Kwa njia hiyo asilimia 105 hutosha. Mwenye chanzo dhaifu hana budi kuitumia. Mwenye chanzo chenye nguvu aiache, maana hupunguza kasi.

Kipande adimu huombwa kwanza. Kila mwenza huhesabu, kati ya wale aliounganishwa nao, kipande gani kiko kwa wachache zaidi, na kukichukua hicho. Faida ni mbili: chanzo hakipotezi muda kutoa kilichokwisha kuenea, na chanzo kikizimika ghafla, uwezekano wa kipande kupotea kabisa unapungua. Mgeni asiye na kitu huanza tofauti. Huchukua kipande chochote kwa kubahatisha, kwa sababu kilicho adimu kiko kwa mtu mmoja na kitachelewa, na yeye anahitaji haraka kitu cha kubadilishana.

Nipe nikupe, na ilipoishia

Kila sekunde 10 mwenza huangalia ni nani waliompa kwa kasi kubwa zaidi, na huwafungulia wachache hao, yaani huwapakia data, kwa kawaida wanne. Wengine wote huwafungia. Kila sekunde 30 humfungulia mmoja kwa kubahatisha, bila kujali amempa nini, ili kumjaribu: huenda akawa bora kuliko walio sasa. Asiyeletewa chochote na mwenzake kwa dakika nzima huchukulia kwamba amesahauliwa, naye huacha kumpa.

Mpango huu ni mzuri sana kwa kuwazuia wanyonyaji. Tatizo ni kwamba hauwezi kutengeneza uwezo usiokuwepo. Laini ya ADSL ya nyumbani, yaani intaneti ipitayo kwenye waya wa simu, mwaka 2003 ilikuwa na megabiti 1 hivi ya kupakua na kilobiti 128 au 256 ya kupakia. Tuchukue 128. Mtu huyo akiigawa kwa wanne, kila mmoja anapata kilobiti 32, yaani kilobaiti 4 kwa sekunde. Kipande kimoja kinachukua zaidi ya dakika. Na kama kundi zima lingekuwa la watu wa namna hii, wakibadilishana wao kwa wao tu, wastani wa kupakua usingeweza kuzidi kilobiti 128 kwa sekunde hata mpango ungekuwa wa akili namna gani, kwa sababu kila biti inayopokelewa na mmoja imepakiwa na mwingine. Gigabaiti 1.77 kwa mwendo huo ni saa 30 na dakika 44.

Lakini wastani uliopimwa ulikuwa juu ya 500. Kwa 500 kamili, faili lile huchukua saa 7 na dakika 52. Biti zilizobaki zilitoka wapi?

Urari wa biti

Kumbukumbu za traka zinajibu. Wenye faili kamili hawakushuka chini ya asilimia 20 ya kundi, hata katika siku zile tano za msongamano ambapo ungetegemea wapya wawafunike. Mtu akishamaliza alibaki wastani wa saa sita na nusu zaidi. Na jumla ya data iliyotolewa na waliomaliza ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyotolewa na waliokuwa bado wanapakua.

Tuyaweke mambo haya kwenye mizani. Tuseme kila nakala moja iliyokamilika inahitaji nakala moja iwe imepakiwa, theluthi moja na wapakuaji na theluthi mbili na waliomaliza. Mpakuaji ana saa 7 na dakika 52 za kutoa theluthi yake: hiyo ni kilobiti 167 kwa sekunde. Aliyemaliza ana saa 6 na nusu za kutoa theluthi mbili: kilobiti 403 kwa sekunde. Haya ni makadirio yanayojengwa juu ya wastani, na yanaacha pembeni wale waliokata njiani pamoja na chanzo cha awali, lakini sura yanayoitoa ni ya kweli. Namba ya kwanza ni ya nyumbani, inakaa katikati ya 128 na 256. Namba ya pili haiwezi kuwa ya ADSL. Ndani yake lazima kuna kompyuta za vyuo vikuu na za maofisi, zilizo kwenye laini za megabiti 10 au 100, zilizomaliza haraka, zikaachwa zinaendelea.

Ziliachwa kwa nini? Mambo matatu yaliungana, na hakuna hata moja lililo ndani ya itifaki. Kwanza, upakuaji wa saa nane huanzishwa jioni na kuachwa usiku kucha. Mwenyewe amelala wakati dirisha linaandika kwamba kazi imekwisha. Pili, programu ya asili haikujifunga yenyewe ikimaliza. Ilibaki wazi ikigawa mpaka mtu aifunge kwa mkono wake. Tatu, kilichogawiwa kilikuwa mkusanyo wa programu huria. Hakuna aliyekuwa na hofu ya kuonekana akiigawa, na wengi waliona fahari kusaidia. Linganisha na makundi ya filamu za wizi, ambako mtu hukata mara tu anapofikia asilimia 100.

Kuna kipengele kimoja cha itifaki kilichosaidia, ingawa kina upande wa pili. Aliyemaliza hana anachopokea, kwa hiyo hawezi kuchagua kwa nipe nikupe. Programu ya wakati ule ilimfanya awape wale wanaoweza kupokea kwa kasi kubwa zaidi. Wenye laini nzito walimaliza mapema, wakawa nao watoaji wa laini nzito, na kundi likakua kwa hatua ndefu katika saa za mwanzo. Upande wa pili ni kwamba mnyonyaji mwenye laini nzito anapata chote bila kutoa kitu, kwani mtoaji anaangalia kasi ya kupokea tu. Ndiyo sababu matoleo ya baadaye ya programu hiyo yalibadilisha kanuni, yakawa yanawazungukia wenza kwa zamu. Kwa faili halali linalotoka leo na kuhitajika leo, tunaona kanuni ya zamani ilikuwa na mantiki yake. Kwa matumizi ya kawaida, ya zamu ni ya haki zaidi.

Baada ya siku tano za kwanza hali ilikuwa nyingine kabisa. Watu 129,000 waliobaki waligawanyika katika siku zaidi ya 140, kama 900 kwa siku, ikilinganishwa na 10,000 na zaidi kwa siku pale mwanzo. Mzigo ulipopungua, kundi lilipungua nalo, bila mtu kuzima seva yoyote. Kinachotakiwa kipindi hiki ni kwamba asikosekane kabisa mwenye faili kamili, hata mmoja wa laini ndogo.

Yanayokwamisha

La kwanza na linaloonekana mara nyingi ni mtu kujaza laini yake ya kupakia. Kupakua kwa TCP, kanuni inayosafirisha data nyingi za intaneti, kunahitaji kutuma vithibitisho vidogo kwenda nyuma, na vithibitisho hivyo hupita kwenye laini ile ile nyembamba ya kupakia. Ikijaa, vinapanga foleni ndani ya modemu, na kupakua kunashuka kwa kasi pamoja na kurasa za tovuti za kila mtu nyumbani. Dawa ni kuweka ukomo wa asilimia 80. Kwenye laini ya kilobiti 256, ambayo ni kilobaiti 32 kwa sekunde, weka 25. Ukishusha hadi kilobaiti 2 au 3 ukidhani unajihifadhia kasi, wenza watakufungia na utabaki unasubiri bahati ya sekunde 30 pamoja na wema wa waliomaliza. Programu za baadaye zilileta usafirishaji unaojipunguza wenyewe zikiona foleni inaanza, mbinu iliyoandikwa rasmi kama RFC 6817 mwaka 2012, lakini ukomo wa mkono bado ni salama zaidi kwenye laini nyembamba.

La pili ni ruta inayoficha kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja. Programu ya asili ilisikiliza kwenye poti 6881 hadi 6889. Usipozielekeza kwenye kompyuta yako, unaweza kuwapigia wengine ila wao hawawezi kukupigia. Wawili walio katika hali hiyo hawawezi kuunganishwa kabisa. Athari yake kwa kundi ni nzito hasa kwa waliomaliza: mtoaji aliyejificha anafikiwa na wachache, na uwezo wake unakaa bure hata kama ameacha kompyuta ikiwaka wiki nzima.

La tatu ni traka. Kazi yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kila mwenza huripoti kila baada ya nusu saa, na hupewa orodha ya wenza 50 waliochaguliwa kwa kubahatisha. Kundi la watu 1,000 huleta maombi ya kawaida yasiyofika moja kwa sekunde, kila jibu likiwa na kilobaiti chache. Kompyuta ya kawaida inatosha. Lakini ikizima, waliokwisha kuunganishwa huendelea na mgeni hapati pa kuingilia. Mwaka 2003 hapakuwa na njia mbadala. Orodha iliyotawanywa miongoni mwa wenza wenyewe ilikuja 2005. Mgawaji wa leo aweke traka mbili na aache orodha hiyo iliyotawanywa ikiwa imewashwa.

Mwisho wa upakuaji nao una kero yake. Sehemu za mwisho zikiwa zimeombwa kwa mwenza mwenye laini mbovu, mtu hukwama asilimia 99. Programu hulitatua kwa kuziomba sehemu zote zilizobaki kwa wenza wote kwa mara moja, na kufuta maombi ya ziada jibu la kwanza linapofika. Upotevu ni mdogo kwa sababu hali hiyo ni fupi. Lakini ukiona kundi zima limekwama kwenye asilimia ile ile, mathubutu kusaidiwa na mbinu hiyo: maana yake kuna kipande ambacho hakuna aliye nacho, chanzo kiliondoka mapema, na hakuna la kufanya ila kukirudisha.

Wengi nyuma ya laini moja

Kwa Afrika Mashariki kisa hiki kina sura nyingine. Mwaka 2003 hapakuwa na mkongo wa baharini. SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Taasisi zilitegemea setilaiti. Chukua chuo chenye laini ya setilaiti ya kilobiti 512 kwa sekunde na wanafunzi 30 wanaotaka Red Hat 9. Nakala moja, laini ikiwa yote ni ya kwao, ni saa 7 na dakika 41. Nakala 30 ni saa 230, siku tisa na nusu. Ndani ya chuo, kwenye mtandao wa megabiti 100, nakala hiyo hiyo ingepita kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa dakika mbili na nusu.

BitTorrent haiwaokoi wanafunzi hawa ikiachwa yenyewe. Katika kundi la watu 4,000, orodha ya wenza 50 waliochaguliwa kwa kubahatisha ina wastani wa majirani 0.36 kutoka chuo hicho. Orodha saba katika kila kumi hazina hata mmoja. Wakikutana, mambo hubadilika mara moja, kwa sababu jirani ndiye mwenye kasi kuliko wote na nipe nikupe itamchagua yeye. Ugumu uko kwenye kukutana tu. Na wakati huo huo kila mmoja anapakia kwenda ng'ambo kupitia laini ile ile nyembamba, akiwapa watu ambao tayari wana laini nzito kuliko chuo kizima.

Njia iliyo sahihi ni kompyuta moja ichukue nakala kutoka nje usiku, iihakiki, kisha ianzishe torenti mpya yenye traka ya ndani ya chuo na anwani za ndani tu. Programu za leo pia zina utafutaji wa majirani kwenye mtandao wa ndani kwa tangazo la UDP, poti 6771, uwashe. Hufanya kazi ndani ya sehemu moja ya mtandao na kwa kawaida haivuki ruta, kwa hiyo jengo la pili linahitaji traka hata hivyo. Kwa nchi nzima kanuni ni ile ile: wenza wa watoa huduma tofauti wakikutana kwenye vituo vya kubadilishana data, kama KIXP Nairobi au TIX Dar es Salaam, hawalipii mkongo wa kwenda Ulaya na kurudi.

Kwa anayegawa faili kubwa sasa

Mwaka 2010 kampuni ya Twitter ilieleza kwamba ugawaji wa programu mpya kwenye seva zake maelfu ulishuka kutoka dakika 40 hadi sekunde 12 baada ya kuhamia mfumo wa BitTorrent walioupa jina Murder. Pale kuna kila kitu ambacho Red Hat 9 ilikipata kwa bahati: kupakia na kupakua ni sawa, hakuna ruta ya kuficha mtu, na aliyemaliza habanduki kwa sababu ameamriwa abaki. Ukiwa na kompyuta zako mwenyewe, iga hayo. Ukiwa unagawa kwa umma, panga saa za waliomaliza kama unavyopanga laini ya seva.

Hesabu yake ni fupi. Kadiria wastani wa kupakia wa watu wako, usidanganywe na kasi ya kupakua wanayouziwa. Gawanya ukubwa wa faili kwa wastani huo: hiyo ni jumla ya saa ambazo kila mtu anatakiwa kuwa kundini, kupakua na kubaki pamoja. Kwa faili la gigabaiti 4, yaani gigabiti 32, na wastani wa megabiti 2, ni saa 4 na dakika 27. Ukitaka wapakue kwa saa mbili, lazima wabaki saa mbili na nusu baada ya kumaliza, au wewe uweke seva za kujazia pengo. Upungufu wa theluthi moja kwa watu 300 wanaopakua kwa pamoja kwa megabiti 4.4 kila mmoja ni megabiti 440 kwa sekunde kutoka mfukoni mwako.

Weka basi seva mbili au tatu zenye faili kamili kabla ya kutangaza torenti, wala si baada. Zihakiki zote kwa alama za torenti yenyewe. Tangaza kwanza kwa vyuo na taasisi zenye laini nzito, hata saa sita kabla ya umma, ili umma ukija ukute tayari kuna watoaji. Andika kwenye ukurasa wa kupakulia, kwa maneno ya kawaida, kwamba programu iachwe wazi mpaka uwiano wa kupakia ufike 1, yaani mtu awe amepakia kiasi sawa na alichopakua, na mwambie mwenye ADSL kwamba itamchukua siku moja au zaidi ili asikate akijiona amekawia. Kisha, msongamano ukiisha na namba za kila siku zikishuka, ondoa seva zote isipokuwa moja. Hiyo iache, hata kwenye laini ya megabiti 5, kwa muda wote ambao toleo lako linahesabika kuwa linatumika.